Siku Baba Mkwe Alipoosha Mawe ya Samaki

Tangi la kwanza nililivunja mwenyewe kwa nyundo, Jumapili asubuhi, na samaki wawili walikuwa bado hai ndani yake. Maji yalimwagika hadi chini ya kabati la vyombo. Samaki mmoja alirukaruka kwenye vipande vya kioo mpaka akajikata tumbo, na mimi nilisimama pale na nyundo yangu nikiona kwamba anastahili. Ndivyo nilivyokuwa. Sitaki msomaji afike katikati ndipo anishangae.

Mimi ni fundi vioo. Nina kibanda hapa Tukuyu mjini, na kazi hii nimerithi kwa baba yangu, ambaye naye aliirithi kwa baba yake aliyekuja huku kutoka pwani. Baba alinifundisha kukata kioo kwa rula ya chuma. Rula hiyo ilikuwa ya kupimia, na nikipinda mstari ilikuwa ya kunipigia vidole. Nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa nakata mstari ulionyooka kuliko wake. Wateja husifu mikono yangu, nami huwaitikia asante.

Nikaolewa na Mnyakyusa wa Kisondela, mnunuzi wa maparachichi, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbwa. Ndoa yetu ilifungwa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake. Tukapata binti mmoja tu.

Mwaka juzi binti huyo, akiwa na miaka tisa, alipasua kioo cha dirisha la mteja kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Nilimpiga kwa ubao wa fremu. Sisemi nilimchapa, maana kuchapa ni neno dogo. Nilimpiga mpaka mkono wake ukavimba ukawa hauingii kwenye sweta, akalazwa siku mbili. Nilimwambia daktari kwamba ameanguka kwenye mparachichi. Daktari akamtazama mtoto, mtoto akanitazama mimi, kisha akasema ndiyo, nilianguka.

Mume wangu hakupiga kelele hata siku hiyo. Alisubiri tufike nyumbani, mtoto akalala, kisha akaniambia, "Ukimgusa tena mara moja tu, anakwenda kwa baba yangu Kisondela. Na harudi."

Nilijua hatanii. Tangu hapo kila nilichokifanya ndani ya nyumba ile nilikifanya nikiwa na hofu hiyo: kwamba siku moja mkono wangu utanitangulia, na mtoto ataondoka.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka kwa namna fulani. Nikimwuliza anajibu, nisipomwuliza kimya. Kisha tukaenda harusi Matema, ziwani, na mtoto huyu asiyetaka kukaa nami alichuchumaa kwenye mawe muda mrefu akiangalia vile visamaki vya bluu na njano vinavyoishi miambani. Nikajiambia, kama ni sanduku la kioo, hilo naliweza. Ni kitu pekee ninachoweza kumfanyia mtu bila kufungua mdomo.

Nilikata vioo vya milimita sita, nikavigandisha kwa silikoni, nikavipa siku tatu vikauke. Vijana wa Matema wakanitegea samaki sita. Dukani Mbeya nilipata pampu ya hewa na sponji ndogo ya kuchujia. Mwenye duka aliniambia sponji ikichafuka niioshe. Basi nikaiosha! Kila Jumapili, kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mpaka ikawa nyeupe kama siku niliyoinunua. Samaki wakafa, mmoja Jumatatu, mwingine Jumatano. Waliobaki walipanda juu wakipumua kwa shida, mashavu yao mekundu. Nikaosha zaidi. Nilipobakiwa na wawili ndipo nikachukua nyundo.

Binti yangu alikimbilia chooni akajifungia. Sikumgusa, na jioni ile nilijisifu kwa hilo, nikaona nimefanya jambo kubwa.

Aliyenifungua macho ni mzee wa Matwebe mwenye mabwawa ya perege, mteja wangu wa madirisha. Nilimsimulia kisa kile nikitegemea anicheke. Hakucheka.

"Mama," aliniambia, "wewe ulikuwa unawafukuza kazi wafanyakazi wako kila Jumapili."

Akanieleza pole pole, nami nikiwa nimeshika kipimo bila kupima kitu. Samaki, alisema, anakojoa na kunya humo humo anamopumua. Uchafu huo unageuka amonia, na amonia inamchoma mashavu kama pilipili jichoni. Lakini kuna bakteria wanaokula amonia. Hao wakishakula, wanatoa kitu kingine ambacho nacho ni sumu, na wapo bakteria wengine wanaokula hicho, na kinachobaki mwishoni ni chepesi. Ukibadilisha maji kidogo kila wiki kinatoka. Bakteria hao hawaelei tu. Wanashika mahali, wanajenga utelezi. Ule uchafu wa kahawia niliokuwa nasugua kwa sabuni ndio walikuwa wao.

"Kwa hiyo chujio si kitu cha kukamata taka?"

"Taka ni kazi ndogo. Chujio ni nyumba. Uwape mahali pakubwa pa kukaa, hewa, na maji yanayopita. Halafu usiwaguse." Akarudia, akinitazama, "Usiwaguse, mama."

Sijui kama alikuwa amesikia habari zangu. Mji wetu ni mdogo.

Tangi la pili nililijenga nikiwa na adabu. Nilifikiria tena sponji, nikaiona ndogo kwa samaki niliotaka kuwaweka. Nikafikiria changarawe za chini na bomba la kuvuta maji kupitia kwenye hizo, nikaona zitaziba na nitaanza kuzichokoa. Mwishoni nikachagua ndoo. Unaiweka juu ya tangi, pampu inapandisha maji, yanapita katikati ya mawe yaliyojaa ndoo, yanarudi kwa kudondoka. Umeme ukikatika, na Tukuyu mvua ikinyesha umeme unakatika, mawe yanabaki na unyevu na hewa kwa saa kadhaa.

Mawe yenyewe hayakunisumbua. Ni yale mepesi yanayoelea, yenye vitundu vingi, ambayo kila bafu la hapa lina moja la kusugulia miguu. Ukikata udongo wa barabara yoyote kuelekea Kisondela unayakuta yamelala tabaka zima. Tulikwenda kuyachota na binti yangu, yeye akiwa na ndoo ndogo. Alichagua yale yenye vitundu vingi zaidi. Njiani aliniuliza, bila kuulizwa, "Hao bakteria wanatuona?" Nilitaka kulia. Nilimjibu hapana, lakini tujifanye wanatuona.

Kisha kukaja kusubiri. Tangi limejaa maji, hita ya kupasha maji inafanya kazi, ndoo inadondosha, na ndani hakuna samaki. Kila siku nilitupia chakula kidogo kioze, ili bakteria wapate amonia yao. Nilipima kwa karatasi za rangi. Wiki ya kwanza amonia ikapanda. Ya tatu ikaanza kushuka na ile sumu ya pili ikapanda. Wiki ya saba karatasi zote mbili zilibaki safi, na mawe yalikuwa yanateleza vidoleni. Katika wiki hizo saba sikumpigia mtoto kelele hata mara moja. Nilikuwa nasubiri, na mtu anayesubiri kitu hana nafasi ya mengine.

Tukaleta samaki wanane. Hapo ndipo nilipowajua vizuri. Wale wanaowaita mapambo hawajawatazama. Dume la bluu lilichukua jiwe la kona likawa linamfukuza kila anayepita. Lilimng'oa mwenzake mkia kipande kwa kipande kwa siku mbili. Siku ya tatu tukamkuta kasukumwa nyuma ya hita, jicho moja halipo. Binti yangu alimtoa kwa kijiko.

"Kwa nini hakukimbia?" aliuliza.

"Angekimbilia wapi? Kioo kila upande."

Nikajuta. Tukaongeza mawe ya kujificha, wakatulia kidogo. Binti yangu alianza kufanyia kazi zake za shule kwenye meza iliyo kando ya tangi, mgongo wake karibu unaniegemea. Karibu mwaka mzima tulikaa hivyo.

Kisha baba mkwe akaja. Alikuwa na kikohozi kisichopona, na mume wangu akataka akae kwetu wiki mbili ili iwe rahisi kumpeleka hospitali Igogwe.

Lazima niseme jinsi tunavyoishi na baba mkwe, maana bila hilo hakuna kinachoeleweka. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hamkaribii baba wa mumewe. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawasemeshani. Siku hizi wengi wameacha. Yeye hakuacha, nami nilipoolewa nilikubali. Sikulelewa hivyo, lakini nikwambie kweli, niliipenda ile desturi. Yule mzee aliogopwa Kisondela nzima. Alimvunja taya ndugu yake kwa mpini wa jembe kwa ajili ya mpaka wa shamba, na mume wangu ana kovu kichwani ambalo hataki kulieleza. Kwangu mimi hakuwahi hata kuninyooshea kidole, kwa sababu hakuruhusiwa kuniona. Nilikuwa salama kwake kuliko wanawe.

Kwa hiyo nyumbani ilikuwa hivi: yeye akiingia anakohoa mlangoni, mimi natoka kwa nyuma. Sebule ikawa yake, jikoni pakawa pangu. Chakula na salamu vilipelekwa na binti yangu, ambaye alimpenda babu yake ajabu. Alikuwa akimsomea gazeti huku mzee akijisugua visigino kwa jiwe kwenye jua la asubuhi. Mzee alikuwa msafi kupita kiasi. Alifagia uwanja wetu mara mbili kwa siku na kikohozi chake kile.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mume wangu alikuwa mashambani, mtoto shuleni. Mvua ilinirudisha mapema kutoka kibandani, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Mvua ikakatika. Nikasikia brashi uani. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni.

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya upenu, beseni mbele yake, na ndani ya beseni yalikuwa mawe yangu yote. Sufuria ya maji ilikuwa inachemka kwenye jiko la mkaa. Pembeni ilikuwa chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nusu imeshamwagwa beseni. Alikuwa anachukua jiwe moja moja, analisugua, analisuuza, analitazama, anatabasamu. Alikuwa amefurahi. Aliimba kidogo.

Nikaelewa mara moja. Aliona ndoo ya mjukuu wake imejaa mawe ya kusugulia miguu yenye utelezi wa kahawia, akaona aibu kwa ajili yetu.

Sikuweza kumwambia acha. Nilipiga simu kwa mume wangu, haikupatikana. Nilikwenda uzio wa nyuma nikamwita jirani, hakukuwa na mtu. Nikachukua mwiko nikagonga sufuria tupu kwa nguvu zangu zote ili ashtuke. Akashtuka kweli! Aliposikia nipo, alivuta kofia yake ikafunika uso, akageuza kigoda akanipa mgongo ili nipite nikitaka kupita. Kisha akaendelea kusugua.

Kwa muda huo mimi nilifanya nini? Nilisimama. Nimejiuliza mara nyingi. Ningeweza kutoka, nikasema maneno mawili kwa upole, nikalipa faini ya desturi baadaye. Samaki wangepona, bado ningeweza kuwapunguzia chakula, kubadilisha maji kila siku, kuanza upya pole pole. Lakini hasira ilikuwa imeshanipanda, na hasira yangu haijui maneno mawili ya upole.

Akabeba mawe ndani. Nikasikia yanavyomwagwa kwenye ndoo, bila utelezi wowote, yakigongana. Nikasikia anachomeka waya wa pampu. Maji yakaanza kudondoka kupitia kwenye mawe yenye ile dawa.

Niliingia sebuleni. Dume la bluu lilikuwa linajigonga kwenye kioo, kichwa mbele. Samaki wengine wawili walikuwa wanazunguka kwa ubavu. Brashi ya mti ilikuwa mezani, imelowa. Niliishika.

Baba mkwe aliposikia hatua zangu alifanya kile alichofundishwa tangu utotoni. Alifunika uso wake kwa viganja vyote viwili ili asinione.

Nilimpiga juu ya viganja hivyo. Nilimpiga tena. Mgongo wa brashi ulimchana vidole, damu ikamshuka kwenye mikono ya shati jeupe. Kofia ikaanguka. Nikampiga kichwani. Nilikuwa nasema maneno ambayo sitayaandika, na mengine yalikuwa ya baba yangu, yale yale aliyokuwa akiniambia na rula yake. Mzee yule aliyevunja taya la nduguye hakunisukuma, hakushika mkono wangu, hakuondoa hata kidole kimoja usoni. Alisema na ukuta.

"Mwambieni mkamwana anisamehe. Mwambieni, simwoni. Mwambieni nilitaka yawe safi."

Nyumba haikuwa na mtu wa kuniambia. Nilifikiri hivyo. Kisha nikageuka, na binti yangu alikuwa mlangoni na begi lake la shule, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Hakuwa anawatazama samaki.

Kikao kilifanyika Kisondela Jumapili iliyofuata. Mimi nilikaa mkekani nje ya baraza, nimewapa mgongo, kama ilivyotakiwa. Wazee waliongea Kinyakyusa kwa muda mrefu. Walitaja ng'ombe wa kuondoa mkosi, maana jambo kama hilo hawakumbuki kulisikia. Baba mkwe alikohoa, kisha akawakatiza.

"Ng'ombe wa nini? Samaki wa mtoto nimewaua mimi. Mwambieni mkamwana yaishe. Ndaga."

Ndaga ni asante. Alinishukuru. Nilisikia vizuri. Nilitamani angenitukana.

Mume wangu akauliza kuhusu mtoto, maana hilo ndilo lililomleta. Nami nilikuwa nimejiandaa. Nilisema, bila kugeuka, kwamba onyo lake lilikuwa juu ya mtoto na nimelishika. Tangu siku ile ya hospitali sijamgusa, hata kofi moja. Nilisema na aulizwe mwenyewe. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na mwaka mzima wa jioni zetu pale mezani, mgongo wake ukiniegemea.

Wakamwita. Mume wangu akamwuliza kama ni kweli.

"Kweli," alisema. "Hajanipiga."

"Basi unataka kurudi na mama?"

 Nikasikia kuku wanaparua chini ya migomba.

"Nataka kukaa hapa kwa babu."

Mzee mmoja akamwambia aseme sababu, asiogope.

"Nyumbani naangalia mikono ya mama," alisema. "Nikiwa naandika naangalia. Nikiwa nakula naangalia. Akishika kitu chochote, naangalia anakiweka wapi. Hata tukiwa kwa samaki nakaa karibu yake ili niione vizuri. Nimechoka."

Nikageuka. Desturi hairuhusu, lakini niligeuka, na wanaume wote wakainamisha nyuso zao, baba mkwe akafunika uso wake kwa mikono yenye bandeji. Binti yangu peke yake ndiye aliyebaki ananitazama. Hakuwa ananitazama usoni.

Niliiweka mikono yangu yote miwili chini ya kanga, nikaikalia, na sikuitoa mpaka walipomwambia aingie ndani.